Ukiona kampeni kituoni, umwambie nani kwanza? Ulinganisho wa njia za kulalamika siku ya kura nchini Kenya

Vituo vya kura nchini Kenya hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Katika muda huo, mpigakura aliyejipanga foleni anaweza kumwona kijana langoni akigawa chupa za maji zilizobandikwa picha ya mgombea, au bodaboda iliyofungwa bendera ya chama ikiwashusha wazee mlangoni pa darasa, au mtu mmoja anayeingia na kutoka akiwasaidia wapigakura mmoja baada ya mwingine. Wengi huona, hunung'unika, hupiga kura zao na kwenda nyumbani, na jioni matokeo yakishatangazwa ndipo huanza kuuliza wangemwambia nani.

Uchaguzi mkuu ujao ni wa tarehe 10 Agosti 2027, na swali hilo linafaa kujibiwa mapema, kwa sababu njia za kulalamika ni nyingi na hazifanyi kazi sawa. Kuna msimamizi wa kituo, kuna wakala wa chama au wa mgombea, kuna mtazamaji wa uchaguzi, kuna polisi, kuna msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge aliye juu ya vituo vyote, kuna mtandao, na mwisho kabisa kuna mahakama. Nimezilinganisha kwa mizani tatu: je, njia hii itaiondoa kampeni wakati watu bado wanapiga kura? Je, itaacha maandishi yatakayosomeka baadaye? Na je, itamgharimu nini yule anayelalamika? Nimekuwa wakala mara mbili, mwaka 2013 na mwaka 2017, na mwaka 2022 nilikuwa mtazamaji, yote katika vituo vya Pwani. Mengi ninayoyasema hapa niliyajua baada ya kuchagua njia isiyofaa.

Kabla ya kuchagua njia, jua unacholalamikia

Kabla ya kumwendea yeyote, ni vizuri mtu ajue ni jambo gani hasa limevunja kanuni, maana msimamizi aliyekesha usiku mzima akipokea masanduku hana subira na mtu anayesema tu kwamba "mambo si mazuri hapa". Nchini Kenya kampeni hufungwa saa 48 kabla ya siku ya kura. Mwaka 2022, kwa mfano, uchaguzi ulikuwa tarehe 9 Agosti na kampeni zilikoma jioni ya tarehe 6. Kwa hiyo anayeomba kura asubuhi ya siku ya uchaguzi amekwisha kuvunja utaratibu, awe ndani ya darasa, awe langoni, awe kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara. Hoja ya "mimi niko nje ya ukuta", ambayo nimeisikia mara nyingi kuliko nyingine yoyote, haimsaidii sana.

Majirani zetu wa Tanzania walilibishania jambo hili kwa mita. Sheria ya uchaguzi iliyokuwa ikitumika mwaka 2015 ilikataza mikutano siku ya kura, na pia ilikataza kuonyesha alama au nembo ya kumuunga mkono mgombea ndani ya mita 200 kutoka jengo la kupigia kura. Oktoba mwaka huo, siku chache kabla ya uchaguzi, Mahakama Kuu iliombwa iitafsiri kanuni hiyo, kwa kuwa vyama vya upinzani viliwataka wafuasi wao wabaki karibu kulinda kura huku Tume ya Uchaguzi ya nchi hiyo ikiwataka wakishapiga kura waende nyumbani. Ninaitaja kesi hiyo kwa sababu inaonyesha mambo mawili ambayo huchanganywa hata huku kwetu. Kukaa karibu na kituo ni jambo moja, na kuonyesha alama za mgombea ni jambo jingine. Mlalamikaji anayemwambia msimamizi "wale watu wamekaa pale" hupata jibu tofauti na anayesema "yule mwenye shati la buluu amevaa kofia yenye jina la mgombea, na anaongea na kila mtu anayeingia".

Yako pia mambo yasiyofanywa na mtu yeyote siku hiyo, lakini yanakifanya kituo kisiwe cha wote. Vituo vyetu vingi ni shule za msingi, na madarasa mengi yamejengwa kwa fedha za mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge. Ukutani, juu ya mlango, huandikwa kwa rangi nzito jina la mradi, mwaka wake, na mara nyingi jina la mheshimiwa aliyekuwa mbunge wakati huo. Mheshimiwa huyohuyo akiwa mgombea tena, mpigakura anaingia kupiga kura akipita chini ya jina lake. Nitalirudia jambo hili, maana lilinifundisha zaidi ya mengine yote.

Kumwambia msimamizi kwa mdomo, au kuandikisha kupitia wakala

Njia mbili hizi ndizo ambazo watu wengi watalazimika kuchagua kati yake, na kwa maoni yangu ndizo zenye uzito kuliko nyingine zote, kwa hiyo nitakaa nazo kwa muda.

Msimamizi wa kituo ndiye mwenye mamlaka pale. Yeye ndiye anayeamua nani aingie na nani asubiri nje, na anaweza kuamuru mtu anayevuruga utaratibu aondolewe, naye polisi wa zamu humsaidia kutekeleza amri hiyo. Mpigakura yeyote anaweza kumwendea. Hahitaji barua, hahitaji kitambulisho cha chama, hahitaji kujua sheria kwa namba zake. Kwa kasi, hakuna njia inayoishinda hii.

Mwaka 2013 nilikuwa wakala katika kituo kimoja ambacho foleni yake ilizunguka mti wa mwembe mara mbili kabla ya jua kuchomoza. Yapata saa 3 asubuhi mama mmoja aliniita pembeni akanionyesha kijana langoni aliyekuwa akiwapa watu maji. Kwenye kila chupa palikuwa na karatasi ndogo iliyobandikwa kwa gundi, yenye uso wa mgombea na tarehe ya uchaguzi. Nilikwenda kwa msimamizi, mwalimu wa makamo aliyekuwa na sauti ya upole.

"Mwalimu, samahani kwa kukukatiza. Kuna kijana pale langoni anagawa maji yenye picha ya mgombea."

"Yuko ndani ya uwanja?"

"Yuko langoni, mwalimu, lakini kila anayeingia anapitia kwake."

Alimtuma askari, na kabla dakika kumi hazijapita kijana yule na ndoo yake walikuwa wamekwenda. Nilifurahi, nikarudi kwenye benchi langu. Saa 8 mchana alirudi, safari hii bila ndoo, chupa akizitoa ndani ya gunia lililokuwa nyuma ya pikipiki. Nilimwambia tena msimamizi, na aliondolewa tena. Jioni, baada ya kuhesabu, nilitaka jambo hilo liandikwe. Msimamizi akaniuliza kwa utaratibu, bila hasira, kwa nini sikuomba liandikwe asubuhi. Chupa zilikuwa zimekwisha kutupwa, mama aliyeniita alikuwa amekwenda zake, na askari wa zamu ya asubuhi alikuwa amebadilishana na mwingine. Kilichobaki ni neno langu, na nilikuwa wakala wa upande uliokuwa umeshindwa katika kituo kile.

Huo ndio upungufu mkubwa wa njia ya mdomo: huondoa kosa lakini haiachi mahali linaposomeka. Njia ya wakala ni ya polepole zaidi, lakini inaacha karatasi. Wakala huingia kituoni kwa barua ya uteuzi na kiapo cha usiri, na ana haki ya kumtaka msimamizi aandike tukio katika shajara ya kituo, yaani daftari ambalo huandikwa mambo yote yaliyotokea siku nzima. Na matokeo yanapojazwa katika fomu ya kituo, iwe Fomu 34A ya urais au 35A ya ubunge, wakala asiyeridhika anaweza kukataa kutia sahihi na kuandika sababu zake. Watu wengi hawajui kwamba kukataa kutia sahihi peke yake hakubatilishi matokeo. Wapo mawakala wanaoondoka kwa hasira bila kuandika neno, wakiamini wamekizuia kituo, kumbe hawakukizuia, na karatasi waliyoiacha tupu ndiyo ambayo wakili atakuja kuihitaji.

Kwa hiyo mtu akiniuliza achague lipi, humwambia atumie yote mawili kwa mfuatano. Mpigakura asiye wakala na amwambie msimamizi mara moja, kisha kabla ya kuondoka amtafute wakala mmoja, hata kama si wa chama chake, amwombe tukio liandikwe na saa yake. Neno "saa yake" lina maana kubwa. Shajara inayosema "palikuwa na kampeni" haina nguvu kama ile inayosema kwamba saa 3 na dakika 20 mtu mmoja aliondolewa langoni akiwa na chupa zenye picha ya mgombea fulani, na kwamba askari wa zamu ndiye aliyemwondoa.

Mwaka 2017 nilipata nafasi ya kulijaribu hilo. Katika kituo nilichopelekwa, jina la mbunge aliyekuwa akigombea tena lilikuwa limeandikwa juu ya mlango wa darasa kwa rangi ya kijani, herufi zenye urefu wa kiganja. Nilifika kabla ya saa 11 alfajiri, nikamwonyesha msimamizi kwa tochi ya simu. Alisema ukuta ule ni wa shule na yeye si mwenyewe wa shule. Nikamwomba kwa heshima aandike ombi langu katika shajara kabla ya kituo kufunguliwa, pamoja na jibu lake. Aliliandika kwa sentensi mbili, akazisoma, akanyamaza kidogo. Kisha akamwita mlinzi wa shule, wakatafuta gunia la mahindi, wakaligongomea misumari minne juu ya maandishi yale. Saa 12 kamili watu walianza kuingia wakipita chini ya gunia. Sidhani kwamba alinitii kwa sababu yangu. Nadhani alipoona jibu lake limeandikwa kwa mkono wake, aliona pia jinsi litakavyosomeka na mtu mwingine.

Kwa gharama, hata hivyo, njia hizi mbili zinatofautiana. Anayenong'ona kwa msimamizi na kuendelea na safari yake hajulikani. Wakala anajulikana kwa jina, kwa chama, na mara nyingi kwa nyumba anayokaa. Katika vijiji ambako mgombea ni jamaa wa nusu ya foleni, hilo si jambo dogo, na sitamlaumu mtu anayechagua njia ya kimya kwa ajili ya usalama wa watoto wake.

Msaidizi wa wapigakura: mahali ambapo wakala ana faida

Kuna aina moja ya kampeni ambayo mpigakura wa kawaida hawezi kuilalamikia vizuri, kwa sababu haioni yote. Mtu asiyeweza kusoma au mwenye ulemavu anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe, mradi msaidizi huyo awe ametimiza miaka 18, asiwe mgombea wala wakala, na ajaze fomu ya kiapo cha usiri. Msaidizi mmoja haruhusiwi kumsaidia zaidi ya mpigakura mmoja katika uchaguzi huo. Mpigakura akiwa hana msaidizi, msimamizi humsaidia mbele ya mawakala.

Kanuni hizo ni nzuri, na huvunjwa kwa njia ambayo kutoka kwenye foleni inaonekana kama wema. Kijana mwenye adabu anamshika bibi mkono, anaingia naye, anatoka. Nusu saa baadaye anaingia na bibi mwingine. Aliye kwenye foleni anamwona mara moja tu, kisha anapiga kura na kuondoka. Wakala aliyekaa benchi lilelile tangu alfajiri ndiye anayemwona mara tano. Hapa sina shaka hata kidogo: ukishuku jambo hili, mtafute wakala kwanza, maana yeye ndiye anayeweza kumwomba msimamizi alinganishe majina katika fomu za viapo. Ukimwendea msimamizi peke yako utaambiwa kwamba yule ni mjukuu wake, na huenda ikawa kweli.

Mtazamaji na polisi

Watazamaji wa uchaguzi, wa ndani kama kundi la ELOG au wa kutoka nje, huvaa vizibao na vitambulisho vinavyoonekana kwa mbali, na kwa hiyo watu wengi huwakimbilia. Ni vizuri kujua wanachoweza na wasichoweza. Mtazamaji haingilii. Azimio la Kanuni za Utazamaji wa Kimataifa wa Uchaguzi, lililozinduliwa katika Umoja wa Mataifa mwaka 2005, linamtaka asizuie wala kuvuruga shughuli za uchaguzi, na watazamaji wa ndani hufuata maadili yanayofanana na hayo. Mwaka 2022 nilijikuta upande huo. Mzee mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye mwenye koti la kazi, mfukuze yule." Ilinibidi nimweleze kwamba ningeweza kuandika tu, na kumwuliza msimamizi kama amelisikia jambo hilo. Uso wake ulionyesha kwamba hakuona tofauti kati yangu na mti wa uwanjani.

Lakini nilichoandika kiliingia katika ripoti iliyokusanya mamia ya vituo, na hapo ndipo faida ya njia hii ilipo. Wakala anaandika kwa niaba ya mgombea, na kila anayemsoma humpunguzia uzito kwa sababu hiyo. Mtazamaji hana upande wa kuutetea. Tukio moja likiandikwa na wote wawili kwa saa inayolingana, hilo ni tukio gumu kulikana. Njia hii basi haifai kuondoa kosa, lakini inafaa sana kulithibitisha.

Polisi ni jambo jingine. Siku ya kura askari wa kituo hufanya kazi kwa maelekezo ya msimamizi kuhusu utulivu wa kituo, kwa hiyo kumwendea yeye kwanza mara nyingi ni kuzunguka tu na kurudi mahali palepale. Isipokuwa pale ambapo kuna vurugu, vitisho au kugawa fedha wazi. Hayo ni makosa ya jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016, ambayo pia inakataza kuwapa wapigakura chakula au vinywaji kwa nia ya kuwashawishi, na yanapaswa kuandikishwa katika kituo cha polisi ili mlalamikaji apate namba ya kumbukumbu. Njia hii ni ya polepole na humfunua mlalamikaji kuliko zote, kwa sababu huenda akaitwa kutoa ushahidi miezi kadhaa baadaye mbele ya watu wa kijiji chake. Ichague kwa makosa mazito. Kwa kofia ya chama kwenye foleni, mwite msimamizi.

Kupanda ngazi, au kupeleka mtandaoni

Msimamizi wa kituo akikataa kuchukua hatua, ngazi inayofuata ni msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge. Yeye ndiye aliye na uwezo wa kumpigia simu msimamizi wa kituo akamsikiliza. IEBC, yaani tume ya uchaguzi ya Kenya, pia ina mamlaka ya kikatiba ya kutatua mizozo ya uchaguzi kabla ya matokeo kutangazwa, na ina kamati ya kusimamia kanuni za maadili ambazo vyama na wagombea huzitia sahihi, ambayo inaweza kutoa onyo au faini. Udhaifu wa njia hii siku ya kura ni wingi: mwaka 2022 vilikuwako vituo 46,229 nchi nzima, na simu ya eneo bunge moja hulia bila kupumzika. Aliye na namba ya msimamizi wa eneo bunge tangu siku tatu kabla hushinda anayeanza kuitafuta saa 5 asubuhi akiwa juani.

Mtandao unaonekana kuwa kinyume chake: ni wa haraka, hauhitaji ruhusa, na picha husambaa. Nimeona kituo kimoja kikisahihishwa ndani ya saa moja kwa sababu picha ya lango lake ilifika kwa maofisa wa juu kabla ya malalamiko ya wakala kufika. Lakini nimeona zaidi mara ambapo picha ya uchaguzi uliopita, au ya kaunti nyingine, ilirushwa kama ya leo, ikawafanya watu wakose kufika kituoni kwa hofu. Na iko hatari ya kisheria ambayo vijana hawaifikirii: kura ni siri, na anayepiga picha ya karatasi iliyotiwa alama, hata kwa nia ya kuonyesha uovu, anaweza kujikuta yeye ndiye aliyevunja sheria. Kwa anayesisitiza kutumia mtandao, ushauri wangu ni kupiga picha ya nje tu, ya alama au gari na jina la shule likionekana, kuiandikia saa, na kutoonyesha nyuso za wapigakura. Na afanye hivyo baada ya kumwambia msimamizi, maana atakapoulizwa kama alilalamika kituoni ni lazima awe na jibu.

Mahakama: mahali pa mwisho, na kwa nini karatasi za asubuhi ndizo zinazohesabika

Watu wengi husema "tutakutana mahakamani" kana kwamba mahakama itafanya kazi ambayo kituo kilikataa kuifanya. Milango yake ni myembamba. Malalamiko dhidi ya matokeo ya urais hupelekwa Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 tangu matokeo kutangazwa, na mahakama hutoa uamuzi ndani ya siku 14. Kwa nyadhifa nyingine, muda wa kufungua kesi ni siku 28, na kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya miezi sita. Dhamana ya gharama ni shilingi milioni 1 kwa kesi ya urais, 500,000 kwa ubunge na ugavana, na 100,000 kwa mwakilishi wa wadi. Juu ya hayo, kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi kinasema uchaguzi hautabatilishwa kwa kasoro tu ikiwa uliendeshwa kwa kufuata misingi ya Katiba na kasoro hizo hazikuathiri matokeo. Kijana wa maji langoni, peke yake, hawezi kupindua matokeo ya eneo bunge zima.

Hata hivyo hiyo si sababu ya kudharau karatasi. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa urais, hoja nzito zilikuwa kuhusu jinsi matokeo yalivyotumwa na jinsi fomu zilivyoonekana. Kilichochambuliwa ni maandishi yaliyotoka vituoni na vituo vya kujumlishia kura. Hakimu hakuwa pale chini ya mwembe. Anachoona ni shajara, fomu, na viapo, na kiapo kinachoungwa mkono na sentensi iliyoandikwa saa 3 asubuhi ya siku ileile huchukuliwa kwa uzito tofauti na kile kilichokumbukwa baada ya kushindwa.

Kwa jirani wa Tanzania tofauti ni kubwa zaidi. Ibara ya 41(7) ya Katiba yao hairuhusu mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwa rais baada ya Tume kumtangaza, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema Julai 2020 kwamba zuio hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Maana yake kwa mpigakura wa kule ni kwamba, kwa kura ya urais, kituoni ndipo mahali panapofaa kulalamikia, na fomu za malalamiko wanazopewa mawakala zina thamani kuliko wengi wanavyodhani. Kwa kura ya ubunge bado iko Mahakama Kuu.

Ikiwa wewe ni karani

Hali ngumu kuliko zote ni ya karani wa kituo anayemsikia msimamizi wake mwenyewe akimwelekeza mpigakura. Hawezi kumlalamikia kwa huyohuyo, wakala atamtumia kwa faida ya mgombea wake, na mkataba wake wa kazi ya siku chache uko mikononi mwa Tume. Mwaka 2022 karani mmoja, binti aliyekuwa amemaliza chuo, alinifuata uwanjani wakati wa kula akaniuliza afanye nini. Nilikuwa mtazamaji na sikuwa na haki ya kumwamulia. Nilimwambia tu ninachokijua: naibu msimamizi yuko chumba kile kile na ana haki ya kusikia, na juu yao wote yuko msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge, anayeweza kupokea malalamiko ya mfanyakazi bila kupitia kwa wakala.

Alifikiri, akafunga kifuniko cha chakula chake, akamwendea naibu. Sikusikia walichosema. Nilichokiona ni kwamba baada ya saa 8 msimamizi alihamia kwenye meza ya mlango, mbali na vibanda vya kura, na naibu ndiye aliyesimama karibu na sanduku hadi saa 11. Nililiandika jambo hilo katika fomu yangu, kwa saa yake, bila jina la yeyote. Yule binti naye alikuwa akiandika kwenye daftari lake la shule, ameinama, penseli ikiwa imekaribia kwisha.